Kilemba Changu Kimebaki Darajani

Malori marefu hayapiti tena kwenye daraja la vyuma! Kuanzia leo yote yanazunguka Butiama. Tajiri amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu, na aliyeipanga hiyo njia ni Nyangeta, mtoto wangu wa kwanza, niliyemzaa mimi.

Haya, sasa nisalimie. Shajara yangu, hujambo. Leo Alhamisi, niko nyumbani Kitaji, mvua imetutishia tangu mchana na haijanyesha. Naandika upesi kabla giza halijaingia maana mafuta ya taa ni ya kubana. Mgongo unauma, kiuno kinauma, hata meno yanauma, jinsi ile barabara ilivyonitikisa. Lakini nikilala bila kuandika nitaamka nimesahau nusu, na habari kama hii kuisahau ni dhambi.

Nimechoka. Ila uchovu wangu una sifa zake.

Nianze mwanzo. Mimi nauza dagaa. Nawatoa huku Musoma nawapeleka sokoni Bunda, na wakati wa kurudi hakuna usafiri isipokuwa juu ya pamba. Basi lilikuwepo moja, limevunjika springi, linasubiri kipuri, na kipuri chenyewe sijui kinatoka nchi gani kwa miguu. Kwa hiyo sisi sote, wachuuzi, wagonjwa, walimu, hata mchungaji wetu, tunapandaga malori ya yule tajiri aliyepata kazi ya kusomba pamba tangu biashara iwe ruksa. Pamba ni nyepesi, nao wanaipandisha mpaka lori linafanana na ghorofa. Juu ya marobota kuna turubai, juu ya turubai kuna sisi, na juu yetu Mungu.

Sasa njia ya mkato, ile inayotoka vijiji vya pamba, inapita kwenye daraja la zamani. Daraja lenyewe lina vyuma pembeni na vyuma vingine vimekatiza juu, kama nyumba iliyosubiri mabati ikachoka. Lori likikaribia, utingo anagonga bodi na kupiga kelele, "Lalaaa!" Tunalala kifudifudi, kila mtu juu ya miguu ya mwenzake, vyuma vinapita karibu na kisogo mpaka unasikia harufu ya kutu. Tukishavuka anasema, "Haya, fufukeni!" Tunacheka, tunakaa, tunaendelea na maongezi.

Tumelalaga hivyo miaka. Nani angeuliza? Ukipata lori unashukuru.

Mpaka siku ile ya Nyasatu.

Nyasatu ni dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, anakaa Bunda. Huwa namtania kwamba masikio yake yanasikia ya chakula tu, lakini ukweli ni kwamba sikio moja limekufa na la pili linaelekea huko huko. Mwezi uliopita tulikuwa naye juu ya pamba anakuja kunisalimia. Amekaa ameangalia tulikotoka, tenga la kuku amelipakata, ananisimulia habari za mkwe wake. Utingo akaita. Watu wakalala. Yeye anaendelea na mkwe wake.

Nilimvuta kwa kanga. Sijui nguvu nilitoa wapi, nilimvuta kama mtu anavyovuta nyavu zenye sangara. Akaanguka juu yangu, na pale pale chuma kikalibeba tenga lililokuwa kwenye mapaja yake. Kuku wakaruka mtoni.

"Wewe Mkami!" akaniwakia. "Umenichania kanga! Na jogoo niliyekuletea yuko wapi?"

Watu walicheka mpaka tunafika Musoma. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimeishika ile kanga yake.

Jioni ile nilimsimulia Nyangeta. Huyu mtoto ndiye karani wa usafirishaji kwa huyo tajiri. Anapanga lori gani liende wapi, lipite njia gani, lipakiwe mpaka wapi. Ana kidato cha nne, mimi nina darasa la nne, ukijumlisha nyumba hii ina elimu ya kutosha. Nilidhani atacheka habari ya kuku. Akaacha kula.

"Mama, lile daraja nililipima. Mzigo unapita na nafasi inabaki."

"Mzigo unapita, sisi je?"

"Watu sikupima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwa sheria juu ya mzigo hakuna mtu, mama. Ni marufuku. Sasa nikipima watu nitawaandika wapi?"

Nikamwambia, "Basi mimi niliyefika hapa leo ni nani, jini?" Alinawa mikono na ugali haujaisha, na Nyangeta sio mtoto wa kuacha ugali.

Kuanzia hapo hakutulia. Alichukua upondo wa baba yake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kule kwenye maji mafupi. Baba Nyangeta ni mvuvi, yuko Murangi, aliuacha hapa ubadilishwe ncha. Siku yake ya mapumziko Nyangeta akapanda nao kwenye lori tupu, akaizunguka njia ya Butiama yote, kila penye kitu kinachoning'inia anashuka anapima. Njia ya Butiama haina daraja la vyuma, lakini ina vituko vyake. Kuna waya wa simu ulikuwa umelegea, akaenda kuwabembeleza wenye simu mpaka wakauvuta. Na kuna mkuyu.

Huo mkuyu umelaza tawi juu ya barabara, na hilo tawi hakuna wa kuligusa kwa panga. Ni mkuyu wa ukoo, wazee wao wamelala chini yake. Dereva, Magesa, alimwambia wakate usiku waondoke. Nyangeta akamwambia, "Ukate wewe, halafu uwe unapita hapa kila wiki." Magesa akarudisha panga chini ya kiti.

Mwanangu akaenda kwenye mji wenyewe, boma la ukoo huo, akapiga hodi, akakaribishwa maziwa ya mgando. Akaomba lori lizunguke kwenye mapito ya ng'ombe, yale yenye ua wa minyaa pande mbili, mapana, juu wazi mpaka mbinguni. Mama mwenye mji akakubali, lakini kwa sharti moja: ng'ombe wakitoka au wakirudi, lori lisimame. Ng'ombe hawampishi mtu pale, hata awe na pamba ya nchi nzima. Ndiyo maana malori sasa yatatoka Bunda asubuhi ng'ombe wakiwa wameshafika malishoni. Malori ya tajiri yanaenda kwa saa ya ng'ombe! Nani mwingine angefikiria hivyo? Niambie.

Mwanzoni tajiri alikataa.

Hakukataa kwa ubaya. Dizeli ya siku hizi unaitafuta kama dawa, na kuzunguka Butiama ni kuila. Lakini kwangu Jumamosi hii kuna shughuli. Nyumba imeezekwa kwa mabati, mabati mapya, kaleta Nyangeta kwa mshahara wake, na mchungaji anakuja kuibariki. Ukoo mzima wa Bunda umealikwa. Watakuja na nini? Na lori. Nyasatu atakaa wapi? Juu. Na utingo ataita "Lalaaa," na mimi sitakuwepo kumshika kanga.

Hilo ndilo limeninyima usingizi wiki nzima. Chakula chote nimekipanga, wageni wote nimewaita, nami ninachoona ni lile tenga la kuku.

Leo sasa. Nilikuwa Bunda na dagaa wangu, nimeshauza, nikaenda uwanjani wanapopakia pamba. Nyangeta yupo na upondo wake, tajiri yupo na funguo zake anazungusha kidoleni.

"Shikamoo mama Nyangeta."

"Marahaba tajiri."

"Huyu mtoto wako anataka kunimalizia dizeli."

"Na wewe unataka kunimalizia ndugu."

Wapakiaji wakacheka. Tajiri naye akacheka, ni mtu wa watu. Akasema, "Mama, si wanalala? Miaka yote wanalala."

Nyangeta akajibu kwa adabu, "Anayesikia analala, bosi. Asiyesikia? Aliyesinzia?"

"Kwanza mimi sijaruhusu watu juu ya mzigo."

Hapo utingo akageuka akajifanya anafunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Yeye ndiye anayepokea nauli zetu.

Nyangeta hakubishana. Aligeuka akaniambia, "Mama, panda."

Nikapanda. Na huu mwili wangu! Magesa anavuta juu, utingo anasukuma chini, wapakiaji wanashangilia kama mpira. Nikakaa juu ya turubai kama nilivyozoea. Wakasimamisha upondo pembeni yangu, Nyangeta akafunga kamba pale kilemba changu kinapoishia. Nikashuka. Wakaukata mti kwenye ile kamba, wakaufunga wima juu ya mzigo, mahali pangu pale pale. Halafu mwanangu akasema, "Mama, nipe kilemba." Ni kile cha kitenge cha bluu, cha Pasaka. Nilikuwa nimekivaa kwa ajili ya kujionyesha sokoni, nakiri. Nikampa, akakifunga kwenye ncha ya mti.

Tukaenda mpaka darajani. Tajiri alikuja kwa gari lake, sisi kwenye lori, tukashuka sote kabla, tukasimama ukingoni. Magesa akaingia darajani polepole sana. Mzigo ukapita vizuri, kweli nafasi ilibaki, Nyangeta hakukosea. Kisha ukafika ule mti.

Ulivunjika kwa mlio mfupi tu. Nilitegemea mlio mkubwa zaidi.

Kilemba kilinasa kwenye chuma, kikabaki kinapepea, lori likaendelea na kipande cha mti bila kichwa.

Mungu anisamehe, mimi cha kwanza nilichowaza ni kilemba changu. Cha pili ndio Nyasatu, na hapo nikakaa kwenye majani.

Tajiri alikitazama kilemba, akanitazama mimi na nywele zangu wazi.

"Mama Nyangeta, kichwa chako kinakaaga pale?"

"Pale pale, tajiri. Cha mchungaji kinakaa juu zaidi, yule ni mrefu."

Aliacha kuzungusha funguo. Akamwita Magesa kwa sauti, "Geuza lori! Rudi!" Halafu akamwambia Nyangeta, "Yote marefu, Butiama. Andika mizigo mirefu. Watu usiandike."

"Sawa, bosi," akasema mwanangu, na wala hakutabasamu, ni mtoto mwenye heshima. Nilitabasamu mimi kwa niaba yake. Nikawaambia wote waliokuwepo, "Huyu mnayemwona nilimnyonyesha miaka miwili!" Utingo akaniuliza kama ninaweza kumnyonyesha na yeye apate akili. Nikamwambia kwake nimechelewa.

Basi tukarudi, tukashika njia ya Butiama. Kwa kuwa darajani tulipoteza muda, kwenye ule mkuyu tukawakuta ng'ombe wanarudi, na sharti ni sharti. Lori likasimama. Wakapita taratibu, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kupokea sakramenti, na mama mwenye mji akatupungia mkono. Baada ya hapo ni mashimo, na vumbi, na mashimo. Nilirushwa kama mtama kwenye ungo. Njia ya mkato haijawahi kunichosha hivi, na kama wenzangu juu ya pamba wangejua ni mwanangu aliyewaletea safari ndefu namna hii wangenishusha. Walijua. Niliwaambia mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Lakini nikwambie kitu, shajara. Katikati ya vumbi lile niligundua kwamba sikuwa nasubiri sauti ya utingo. Shingo ilikuwa imelegea. Miaka hii yote tumejifunza kulala vyuma vipite: sukari haipo, lala, sabuni haipo, lala, basi limekufa, panda na ulale. Unafika mahali hujui tena kwamba umelala. Leo nimetoka Bunda mpaka Musoma nimekaa wima njia nzima.

Wima, bila kilemba.

Najiuliza kama itadumu. Siku dizeli ikikosekana kabisa, tajiri atakumbuka mti uliovunjika, au atakumbuka njia ya mkato? Nyangeta anasema mradi kilemba kipo pale juu kinapepea, madereva wataona aibu. Alitaka kunitafutia mtu wa kukitoa. Nikakataa. Kikae. Mvua itakifubaza na jua litakichana, lakini kikae kwanza.

Baba Nyangeta bado hajui habari ya upondo wake. Anakuja na mtumbwi wa jirani, na najua akifika hatauliza mabati, atauliza, "Mti wangu uko wapi?" Nitamwonyesha binti yake, basi.

Nyasatu nimemwagiza kwa Magesa: akae ameangalia mbele, asibebe kuku, habari za mkwe wake atanimalizia hapa. Najua atabeba kuku.

Giza limeingia. Naenda kujinyoosha kidogo, kesho kuna mchele wa kuchambua na sato wa kuparua, na mimi sina mgongo. Jumamosi watu wanakuja. Jumamosi, ng'ombe wakishafika malishoni, lori linatoka Bunda. Waje wote, na wote waje wamekaa.