Zamu Yako Nimeishika, Selvam

Ndugu yangu Selvam,

Nina miaka sitini na saba. Nimezika wake wawili, nimeuona mwisho wa Mwingereza kwetu Tanga, meli nilizozipikia zimeshakatwa vyuma chakavu, na yule mkuu wa jiko aliyesema sitamaliza mwaka kwenye baridi hii ya Uswidi, katangulia yeye. Kwa hiyo kimya chako hakinitishi. Ila nimechoka, ndugu yangu. Magoti yamechoka, na masikio yamechoka kungoja simu ya nyumbani kwako ilie.

Kijana mmoja wa chama chetu alitaka kuniandikia. Nikamwambia mkono huu ulimenya viazi vya hospitali nzima, hautashindwa na kalamu. Darasa la tatu niliishia, lakini aje huyo msomi tushindane mwandiko. Wewe Kiswahili hukijui, ukiacha matusi niliyokufundisha jikoni. Na anuani yako hakuna aijuaye tangu urudi kwenu Jaffna, Sri Lanka, kumchukua mama yako. Ndiyo maana naiandika barua hii wazi. Atakayeisoma, akakutana nawe popote, akufasirie.

Unakumbuka siku mfuko wa unga ulipopasuka juu ya meza ya chuma? Mimi nishashika kitambaa, wewe upande wa pili ukanizuia. Ukachora kwa kidole kitu kama sikio lililoegemezwa ukutani. "Hii ni a, anna," ukasema. Anna kwenu ni kaka mkubwa. Nikajua mwenye akili kamtambua mkubwa wake.

"Lugha yenu ina umri gani?"

"Imeandikwa miaka elfu mbili na zaidi."

"Basi ingestaafu, ikae nyumbani."

Ulicheka mpaka mkuu akachungulia. Kisha ukanieleza, wewe mwalimu uliyekuwa ukisugua masufuria, kwamba wazee wenu Watamil waliandika kwa kalamu ya chuma yenye ncha, wakikwaruza jani la mvumo. Mvumo naujua, hata kwetu upo. Jani halidumu, wadudu wanalila, kwa hiyo kila kizazi sharti kinakili upya. Kizazi kimoja kikilala, shairi limekufa. "Na mengine yaliungua pamoja na maktaba ya mji wetu," ukasema, huku unaufuta ule unga polepole kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

Ukaniambia pia kwamba mashairi yenu ya kale ya mapenzi hayawataji wapenzi majina. Ni yeye, na yeye, na rafiki yake. Nikasema, "Sasa posta watayapeleka wapi?" Ukasema mahali ndipo panaposema yote: ukisikia mlima, wamekutana, ukisikia pwani, mmoja ameachwa anasubiri, roho juu. Leo nikimwona Malar, mkeo, kasimama dirishani hapa mtaani kwetu Fittja anatazama ziwa, sihitaji kuambiwa shairi ni la wapi.

Siku ya kuondoka, pale kituoni, ulisema utarudi kabla ya Oktoba umwanzishie mwanao Kavitha herufi kwa desturi yenu: mtoto apakatwe na mkubwa, ashikwe kidole, achore herufi ya kwanza kwenye sahani ya mchele mbichi. Oktoba ile ikapita. Ikaja nyingine. Mtoto sasa yuko shule. Mama yake akimsemesha Kitamil, anajibu Kiswidi. Nikaona jani linaliwa hivi hivi natazama.

Nikaenda na mchele wangu. "Shemeji, lete sahani," nikamwambia Malar, kwa hicho Kiswidi chetu kibovu.

"Hapana, anna. Baba yake ndiye atakayemshika kidole. Tukifanya bila yeye, tumeshamzika."

"Nani kazika? Mimi nimezika, najua mazishi yalivyo. Hii ni zamu."

"Zamu gani?"

"Alipoumwa mgongo, nani alisugua masufuria yake? Jina lake kwenye ubao wa zamu hatukulifuta. Aliporudi nikamkabidhi masufuria yake, na hakunishukuru. Herufi moja tu, shemeji. Zilizobaki ni zake, sizigusi."

Akanipa mgongo, akaingia jikoni. Nikadhani ananifukuza. Kumbe anafikiria sahani ipi. Akaja na ile ya shaba. "Hata unaijua hiyo herufi?"

"Niijue? Nimeisomea chuo kikuu cha unga!"

Kavitha akasema, "Nej, farfar," hapana babu, lakini akapanda magotini, na magoti yakalia. Nikamshika kidole, baridi kama samaki. Tukachora. Malar akatazama, akaweka kiganja mdomoni. Akacheka! Tangu uondoke sikuwahi kumsikia akicheka. "Anna, imesimama kichwa chini!"

Sikukosea, Selvam. Nimeichora vile nilivyoiona, nikiwa nimekuelekea, wewe kule na mimi huku mezani. Malar akaizungusha sahani taratibu mpaka ikamgeukia mtoto, na herufi ikakaa sawa. Kavitha akaitazama. Hakuna aliyemwambia aseme kitu. Akasema, "A. Appa." Baba.

Malar akaenda kusimama dirishani. Mimi nikabaki na mtoto mapajani na mguu umekufa ganzi, sikuthubutu kusogea.

Mchele tuliupika, tukala. Zilizobaki zinakungoja, na ziko nyingi. Mimi nina ile moja, tena kichwa chini. Njoo upesi uipokee zamu yako, maana nasema kweli, nimechoka. Ukifika usipige simu, gonga tu, tuko macho.

Na ukidhani mzee anajisifu kama kawaida yake, shahidi wangu wa kwanza ni Malar. Wa pili ni Kavitha. Yeye muulize kwa Kitamil.

Wako,
Anna, mshika zamu