Elektroni Kumi za Sodiamu

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Mama yako hajambo, mdogo wako ameota meno mapya. Mimi pumzi inapungua, ila akili ingali yangu.

Umeuliza kwa nini ayoni ya sodiamu ina alama ya kujumlisha ilhali elektroni zimepungua. Protoni ni kumi na moja, nyutroni kumi na mbili, na hizo haziguswi. Elektroni ina chaji hasi. Ikiondoka moja zinabaki kumi, na chanya inazidi kwa moja.

Nakujibu kwa uhakika, lakini nina la kuungama. Nilipoanza ualimu hapa Ujiji nilifundisha kwamba alama ile inaongeza elektroni, ziwe kumi na mbili. Zuhura, msichana wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi, akapinga: "Mwalimu, ni kumi." Nikamsimamisha hadi kengele, wenzake wakimcheka: "Profesa wa dagaa!" Jioni nikafungua kitabu, nikakuta amesema kweli. Sikurekebisha. Katika jaribio lililofuata aliandika kumi na mbili, nami nikampa tiki. Miaka yote nimeogopa kwamba kosa langu lilimfuata hadi mtihani wa taifa.

Juzi nilimwita kutoka Mwanga, hapa hapa Kigoma, anakouza vitenge, nikamwomba radhi kabla sijafa. Akacheka.

"Mwalimu, kwako niliandika kumi na mbili nisisimamishwe tena. Kwenye mtihani niliandika kumi."

Siku hiyo nilimaliza ugali wangu wote, mama yako ni shahidi.

Babu yako