Goti Nililoliona Nikanyamaza

Mdogo wangu Byarugaba,

Huko uliko najua hakuna posta. Lakini nikimwandikia mtu aliye hai atanijibu, na mimi leo sitaki kujibiwa. Nakuandikia kwa ajili ya mwanao Mujuni, yule uliyemwacha akijifunza kutembea. Tangu jana sijui kama nimemwokoa au nimemmaliza.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuponza kanisani? Tulikaa benchi la nyuma, watu wakienda mbele kushiriki, nami nakunong'oneza habari zao. Yule anaumwa kiuno. Yule kiatu si chake. Yule kagombana na mkewe, tazama anavyokanyaga. Ulicheka mpaka mama akakufinya, wewe si mimi. "Kaka, wewe sura za watu huzioni?" uliniuliza siku moja tukirudi nyumbani Rugu. Nikakujibu kwamba sura hudanganya, mguu haudanganyi. Nilijiona mjuzi sana.

Goti lako la kushoto nililijua kuliko hata wewe. Ulikuwa unanikimbia mimi siku ulipotumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, nyuma ya nyumba ya babu. Lilivimba wiki mbili, likapona kwa nje. Ukitembea tambarare, nani angejua? Lakini ukiteremka liliingia ndani, kama mlango uliobaki na bawaba moja. Mama alikatazwa na babu kukudekeza, basi likasahaulika. Mimi sikusahau.

Vita ilipofika mpakani, mwishoni mwa sabini na nane, mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wa mgambo katani. Kazi ya kupima vijana ikaniangukia. Niliwapima uwanjani pa shule: mgongo ukutani, visigino, mabega na kisogo viguse, kuchuchumaa bila kunyanyua visigino, kusimama mguu mmoja mpaka nihesabu thelathini, mwisho kupanda na kushuka ngazi ya darasa na nusu gunia la kahawa begani. Sikupendelea mtu, na kiburi changu kilikuwa hapo. Mjane jirani yetu aliniletea jogoo ili nimwandike mwanawe wa pekee kuwa kilema. Nilimrudishia jogoo wake mbele za watu, tena kwa maneno makali. Kijana alikuwa mzima, nikampitisha.

Siku yako ilifika. Balozi wa nyumba kumi alisimama pembeni na orodha yake. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye majani, yule mjane mbele kabisa, kanga amejifunga kichwani kama mfiwa. Ukutani ulisimama vizuri. Ulichuchumaa kuliko wote. Ulipopanda ngazi nilimwomba Mungu ushuke kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Ukatanguliza wa kulia, uzito wote ukabaki kushoto, na goti likaingia ndani.

Uliniangalia. "Kaka, umeona," ulisema polepole.

"Simama sawa," nikakujibu.

Balozi akauliza kwa sauti, "Na huyu wa kwenu, mwalimu?"

Akina mama wote wakanitazama. Byarugaba, ningesema nini? Nimepeleka watoto wao, halafu niseme wa kwetu ana goti? Nani angeniamini? Nikasema, "Anafaa." Yule mjane akainamisha kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha kwamba nimeonekana mwenye haki.

Aliyeniletea habari zako alikuwa mwenzako wa kikosi. Alinisubiri mpaka wageni wa msiba walipoondoka. "Tulikuwa tunateremka kilima mbio," alisema. "Goti likamwacha. Sisi tulifika korongoni, yeye hakufika." Nilimwomba asimwambie mtu mwingine. Hakumwambia mtu. Shemeji Kokushubira akaishi miaka yote hii akijua kwamba mumewe alikufa kwa risasi tu, na kila msimu alinitumia mkungu wa ndizi, akiniita shujaa aliyemlea shujaa. Niliula. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kazi ya kupima sikuiacha. Siku hizi nina wateja wangu wa mazoezi ya viungo mjini Omurushaka, usicheke. Yuko mnunuzi wa kahawa ambaye daktari amemwambia achague kati ya tumbo na moyo. Yuko mwinjilisti asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu. Yuko mwalimu wa kike ambaye mabega yamemwangukia mbele baada ya kuzaa watoto watano. Kila mmoja namsimamisha ukutani kabla sijampa zoezi hata moja, na mmoja akishuka ngazi mbele yangu mimi hushika ukuta. Wao hudhani ni umri.

Mujuni alikuja wiki tatu zilizopita. Alinikuta uani kwenu, nimeenda kumsalimu mama yake.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nipime. Wanachukua askari Bukoba."

Hali yenyewe unaijua au huijui: ng'ambo ya Mto Kagera hakujatulia. Jamaa zetu wa Kyerwa wanasema asubuhi nyingine husikia milio, na wanaokuja wakikimbia hawasimulii yote. Huu si wakati wa kumpeleka mtoto wa mtu kwenye bunduki. Lakini nikampima, maana nilitaka kumkuta na kasoro. Ukutani hakuwa na neno. Alichuchumaa kama wewe. Nikamwambia apande kizingiti cha ghala na kushuka.

Byarugaba, goti lake la kushoto liliingia ndani. La kwako lilitokana na shimo. La kwake sijui limetoka wapi, na tangu siku ile sipendi kulifikiria.

"Hufai," nikamwambia, nikamwonyesha kwa kidole mahali penyewe, nikamweleza kila ninachotazama.

"Baba alifaa," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyempima. Au unaniona mimi mwanamke?"

Hapo nikashindwa. "Baba yako hakufaa," nilisema. "Niliona, nikampitisha."

Jikoni shemeji alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikanyamaza. Alitoka na mikono yake imejaa utomvu, akasimama mbele yangu.

"Yeye alijua kwamba umeona?"

"Alijua."

"Na akaenda hivyo hivyo."

"Akaenda."

"Basi hakwenda kupigania nchi, shemeji," alisema. "Alikwenda kulinda jina lako." Akarudi jikoni. Tangu siku ile hanisalimu, na mkungu wa ndizi haujaja.

Nilidhani yameishia hapo, kwamba aibu yangu imemfunga kijana nyumbani. Juzi alfajiri nikasikia anasafiri. Nilikwenda Omurushaka mbio, uzee huu, nikamkuta ameshapanda basi la Bukoba. Aliponiona alishuka kunisalimu. Alishuka polepole, akitanguliza mguu wa kulia, akinitazama usoni. Goti lilisimama wima kabisa.

"Wiki tatu nimelifanyia mazoezi," akasema. "Uliniambia mwenyewe unachotazama. Bukoba hawataona."

"Ukiwa mbio litakuacha, mwanangu. Kulificha si kuliponya."

"Baba naye ulimwambia hivyo?"

Akapanda. Niliingia duka la jirani, nikaomba karatasi na bahasha, nikaandika nikiwa nimesimama: mimi ni baba yake mkubwa na ndiye niliyempima, goti lake la kushoto ni bovu, mkimbizeni mteremko mtaona, msimpitishe. Ndiyo barua niliyopaswa kuiandika miaka ile. Wakiniita mpendeleaji, waniite. Nikagundisha bahasha, nikaandika juu yake "Mkuu wa usaili", nikaenda kwa konda upande wa pili wa basi, nikamsihi aifikishe leo leo. Nilirudi Rugu nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jana jioni basi lilirudi. Konda alinipungia mkono kwa furaha.

"Mzee, mzigo wako umefika! Nilimkabidhi kijana wako pale stendi. Si anakwenda huko huko kwenye usaili? Nikaona mimi nihangaike ya nini."

Niliuliza alisema nini.

"Alisoma maandishi ya juu, akashukuru, akaitia mfukoni. Mtoto mwenye adabu sana."

Mwandiko wangu anaujua, Byarugaba. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Usaili ni leo asubuhi, na jua limeshapanda juu ya migomba. Shemeji amekuja, amekaa mlangoni kwangu bila kunisalimu, anangoja basi pamoja nami. Anajua niliandika barua, lakini nimeshindwa kumwambia iko mikononi mwa nani. Ukiwa na neno lolote huko, mnenee mwanao.

Pumzika, mdogo wangu.

Kaka yako, wa tumbo moja