Mapacha Wawili, Kikohozi Kimoja

Jumatatu, 5 Julai 2021
Nimesonga bukari, nimetwanga mboga ya sombe, nimechemsha maji ya mapacha ya kuoga. Baridi imezidi. Nimemvika Kabange sweta mbili, maana baridi humwamshia maumivu ya mifupa. Ana ugonjwa wa damu, selimundu, huu tunaouita SS. Pacha wake Kyungu hana. Tumbo moja, lakini hana.
Shemeji yangu Monga amefika kutoka Lubumbashi. Anakohoa. Nimemwambia mume wangu, Ngoy, amtafutie pa kulala kwingine. Ngoy amecheka. "Corona ni ya bazee, mama. Batoto haibakamatake."
Monga amelala chumba cha watoto.

Ijumaa, 9 Julai
Wote wawili wana homa. Kyungu ni kamasi tu, amekula, amekwenda kucheza mpira. Kabange kifua kinamuuma. Hali chakula.
Monga amesharudi Lubumbashi. Kikohozi ametuachia.

Jumamosi, 10 Julai
Hospitali. Muuguzi hakuinua hata macho. Malaria, akasema. Nikamwambia mtoto ni SS. Nikarudia. Nikapiga kelele hadi dokta mmoja kijana akatoka ndani. Akambana Kabange kidole kwa kile kipimo chao cha pumzi, na dokta mwenyewe uso ukambadilika. Oksijeni mara moja. Kisha kijiti cha puani. Corona.
"Mama, batoto bengi inabapitia kama mafua," akaniambia. "Wenye kuwa na ugonjwa ingine, hao njo inabaangusha."
Kwa hiyo Kyungu anacheza mpira, Kabange anapigania pumzi. Kikohozi ni kilekile.

Jumapili, 11 Julai
Mapafu ya Kabange yamechafuka. Anahitaji damu. Yangu haifai, ya Ngoy haifai: kila mmoja wetu amebeba nusu ya ugonjwa, ndiyo maana mtoto anao mzima.
Ngoy amewapigia ndugu zake. Mmoja anaogopa corona. Mwingine eti yuko shambani Kaniama. Wa tatu hakupokea. Siku ya harusi yetu walijaza ua mpaka tukaazima viti.
Aliyesimama ni mama wa kitanda cha pili, Mama Bolingo, mke wa askari wa base, kambi ya jeshi, mtu wa mbali, wa Équateur. Binti yake ana miaka miwili, amekonda kwa njaa ya miezi, na corona imemkuta hivyohivyo. "Miye niko na damu," alisema. "Bakamate." Wakaipima. Ikakubali, Kabange akatundikiwa.

Jumanne, 13 Julai
Binti wa Mama Bolingo amekufa asubuhi. Alipewa oksijeni, alipewa dawa. Mwili haukuwa na akiba ya kupigana. Mama yake hakulia. Alimfunga kwa kitenge kama anayekwenda naye sokoni.
Kabange leo ameomba uji. Nimefurahi, na nimeichukia furaha yangu.

Alhamisi, 15 Julai
Ngoy amekuja na parachichi. "Mungu ametusaidia," akasema.
Nikamjibu: "Si Mungu aliyemlaza Monga chumba cha watoto."
Ametoka. Sijutii.

Jumatano, 21 Julai
Tuko nyumbani. Kabange anachoka akivuka ua tu. Kyungu anamfuata kila anapokwenda.
Monga amepiga simu. Amefurahi kusikia ilikuwa malaria. Malaria! Kumbe ndivyo Ngoy alivyowaambia wote, ili ndugu yake asione haya. Mtoto wangu karibu azikwe, na haya inayolindwa ni ya Monga. Nimemnyang'anya Ngoy simu nikamwambia mwenyewe: ilikuwa corona, na uliileta wewe. Kisha akakata.
Leo sijapika.

Jumapili, 25 Julai
Baada ya misa nimempeleka Kabange base. Mama Bolingo alikuwa anaanua nguo. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuyangoja. Alimwita Kabange, akampakata, akamwekea kiganja kifuani. Kifua kikapanda, kikashuka.
Hakukiondoa kiganja. Nami sikusema twende.