Chuma cha Goti la Katibu

Bugarama

Dada yangu mpendwa Melania,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Nkome, wewe na shemeji, na kwamba mvua hazijakuharibia dagaa juani. Kifua chako kimepoa? Mimi mwili wangu hauna shida. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa napandisha sauti, na tukishafika hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Najua utaanza kwa kuuliza habari za Katibu, maana watu wote hapa huanza na yeye. Katibu amekufa, dada.

Unamkumbuka, yule mbwa mkubwa wa ulinzi aliyefanya kazi na marehemu mume wangu Edward mgodini. Edward alimpa jina hilo kwa sababu hakukosa kikao chochote, hata cha harusi. Edward alipofariki waliniletea mbwa pamoja na buti, na tangu hapo nimeishi na vyote viwili. Kisha kano la goti la Katibu likakatika akiruka mtaro. Nilimpeleka Mwanza kwa Daktari Januari, akaukata mfupa wa muundi, akaugeuza kidogo, akaushika kwa bamba la chuma na skrubu. Katibu akatembea tena. Jioni tulikuwa tunazunguka mtaa mzima, mimi nikimsomea makala zangu kwa sauti, yeye akisikiliza kuliko mhariri yeyote niliyewahi kumfanyia kazi.

Mwaka huu akaanza kuchechemea, na pembeni ya kile chuma pakavimba. Nikasoma kila nilichoweza kupata. Kumbe kwenye nchi ambako mbwa hupasuliwa magoti kila siku, watu wamebishana miaka mingi. Wapo wanaosema mabamba fulani yaliyotengenezwa vibaya hula kutu ndani ya mwili na kuleta saratani ya mfupa. Wengine wanasema mbwa wakubwa hupata saratani hiyo hata bila chuma. Mimi nilichagua upande kabla sijamaliza kusoma, unanijua. Nikaenda redioni. Nikauliza inakuwaje mfuko wa saruji una namba na chupa ya soda ina tarehe, lakini chuma kinachoingia ndani ya mfupa wa kiumbe hai kinatufikia kwenye nailoni, hakina jina la kiwanda wala la nchi. Swali hilo nalisimamia hadi leo. Kosa langu ni kwamba nilimtaja Januari kana kwamba yeye ndiye aliyekiyeyusha hicho chuma.

Wakati huohuo mpangaji wangu Masudi, mchimbaji, alikuwa anajaribu mashine yake ya kutafutia dhahabu hapo uani. Katibu akapita, mashine ikalia. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulishajua kwamba Edward alimlisha mbwa dhahabu ya mgodi. Masudi akaja na heshima zote, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mama, tugawane nusu kwa nusu, na nyama ubaki nayo wewe." Nilimfukuza kwa ufagio. Nilipofunga mlango nilicheka mpaka machozi, nikageuka kumweleza mtu, nikakuta ni Katibu tu.

Hali ilipozidi nikarudi naye Mwanza. Picha ilionyesha skrubu zimekaza vizuri kabisa, ila mfupa umeliwa. Nikamtaka Januari aseme mbele yangu nani ana hatia. Akasema, "Mama Nelly, sijui. Na yeyote atakayekuambia anajua kabla chuma hakijapimwa, anakudanganya." Nikamwambia hilo neno "sijui" ndilo shuka wanalojifunika wazembe wote wa nchi hii. Hakukasirika. Alimchoma Katibu sindano ya kumpumzisha, kichwa kikiwa mapajani kwangu, na akakaa nami mpaka nilipoweza kusimama.

Nilimwomba akitoe kile chuma. Sikufikiria utafiti hata kidogo. Niliiwaza mashine ya Masudi. Mbwa aliyezikwa na chuma hapa Bugarama asingelala kaburini mpaka asubuhi. Januari akakitoa, akakiosha, akakifunga kwa bandeji, akaniomba kiende maabara Dar es Salaam, kwa sababu ana vingine kutoka kwa muuzaji yuleyule na hatamwekea mnyama yeyote mpaka ajue. Alijitolea kukituma mwenyewe. Nikamjibu kwamba mshtakiwa hapewi ushahidi autunze.

Basi kila Ijumaa akawa ananipigia kuuliza majibu. Tukawa tunabishana kuhusu kutu, viwanda na serikali, na mwisho huniuliza kama nimekula. Nelly yuko Songea na mumewe, hupiga sikukuu. Mhariri wangu siku hizi hapokei. Dada, nilianza kusoma Alhamisi ili Ijumaa niwe na la kubishia.

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia mtu. Chuma hakikwenda Dar es Salaam. Kilikuwa kwenye bakuli la sukari kabatini kwangu. Kila Ijumaa nilimwambia Januari kwamba maabara wanachelewesha, na nilifika mahali pa kuitukana redioni kwa uzembe juu ya kitu ambacho haijawahi kukiona. Majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, hatakuwa na sababu ya kupiga tena. Ndiyo hivyo tu. Sina hoja nyingine ya kuweka hapo.

Juzi akapiga mama mmoja wa Mwadui anaitwa Salome. Mbwa wake wa kulinda mbuzi amekatika kano lilelile, na Januari amemwambia asubiri. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, nimeambiwa majibu yako ndiyo yatakayomtibu mbwa wangu. Niendelee kumbeba?" Humbeba mgongoni kumtoa nje, kama mtoto. Dada, mimi nimewajibu wabunge, lakini huyo mama nilimuaga tu, nikakata simu.

Nikampigia Januari ingawa haikuwa Ijumaa, nikamweleza yote. Akasema atakuja kukichukua. Alikuja jana. Nilijiandaa kugombezwa, hakunigombeza. Alikunywa uji, akakipima chuma kiganjani, akakitia mfukoni, akaondoka. Sasa maabara itamjibu yeye, hana tena la kunipigia kuniuliza, na leo ni Ijumaa, jua limeshashuka, simu iko hapa mezani.

Kikionekana kibovu, nitapiga kelele mpaka wizarani. Kikionekana kizima, nitaandika gazetini kwa jina langu kamili kwamba nilimsingizia mtu mwema. Yote mawili nayaweza. Nisiloweza ni kuyapokea majibu hayo humu ndani halafu nikakosa wa kumwambia. Njoo, Melania. Njoo hata kama ni kwa kunipinga. Chumba cha mbele nimekifagia.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na mama mkwe wako mwambie nampa shikamoo kwa mikono miwili. Mungu akutunze njiani, maana nimeshakuhesabu kuwa unakuja.

Ni mimi mdogo wako mbishi,
Paskalia