Dawa Isiyowasha

Magomeni, Dar es Salaam
Februari 1991

Kwako dada yangu mpenzi Mboni,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na lile goti halikusumbui tena ukiinuka kwenye sijida. Sisi huku tungali tunapumua, alhamdulillahi, ila moyo wangu umejaa kinyaa, na sina mwingine wa kumtapikia ila wewe.

Nilikuandikia kwamba mwanangu Siti alikatwa na kioo kifundoni, mkono uleule wa kuchorea hina. Hospitali walimshona, na Daktari Leodegar akatukalisha kutueleza, nami nikamwomba arudie, maana darasa la nne langu unalijua. Alisema mshipa wa fahamu una nyuzi ndefu zilizo hai. Ukikatwa, upande wa vidoleni hufa, na uzi uliobaki huchipua ncha inayopapasa njia. Ncha hiyo haijui iendako. Chembe hai za pembeni huitolea ishara, nyingine zikisema pita, nyingine zikisema huku hapapitiki. Ikiguswa na ishara, habari hupokezanwa ndani yake kama habari ya msiba inavyopita uchochoroni kwetu, mpaka uzi urefuke au ujikunyate. Nikacheka, nikamwambia basi huyo ni mgeni wa Kariakoo, anauliza kila kona. Akasema ndiyo mama, nawe usimfukuze mgeni. Subiri miezi, mkononi ataanza kuhisi kama sisimizi wanatambaa, hiyo ndiyo hodi yake.

Dada, hatukusubiri. Mama Harshida, yule Mhindi wa Kisutu, alishamwahidi Siti kazi ya hina kwenye harusi ya bintiye Kajal, na Siti kutwa analia kwamba atapewa mwingine. Nawe unajua siku hizi za ruksa, Kariakoo kinauzwa kila kitu, hata uzima. Jirani yangu Salma akaniletea kichupa cha Mafuta ya Kuotesha Mishipa, Bismillahi imeandikwa juu kwa wino wa kijani. Nikaamini. Nikampaka, nikamuuliza inawasha? Akasema haiwashi. Tulivyolelewa unakumbuka: dawa isiyouma haiponyi, marehemu mama alitusugua pilipili mpaka tulie. Nikaongeza. Haiwashi. Nikaongeza tena, nikafunga na kitambaa.

Itamwasha vipi, dada, mkono usio na fahamu? Nilipofungua kitambaa, ngozi ya vidole ilitoka nacho kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Harufu ile, mafuta ya taa na nyama iliyochacha, mpaka leo nikipeleka tonge mdomoni naisikia. Tulifika hospitali na inzi wetu. Daktari hakunigombeza, aliosha kidonda kwa mkono wake. Kisha akasema palipoungua pataota kovu, na kovu ndilo linalomwambia mgeni arudi alikotoka. Huenda vidole viwili vikapona. Vile vya kushikia hina, hajui.

Jumamosi nikaenda Mnazi Mmoja, Salma alikokinunua kile kichupa, kumsaka mwenye mafuta. Nilimsikia kabla sijamwona, kwenye kipaza sauti, anawaambia watu aliyepooza atacheza mdundiko, na mwenye shaka akamuulize mkwewe. Watu wanacheka na kununua. Naye akacheka, kicheko cha kukohoakohoa, nikakijua. Nikapenya. Dada, alikuwa shemeji Mrisho, mumeo, ambaye barua zako zasema anauza mitumba Korogwe. Kavaa ile kanzu niliyomshonea sikukuu ya Idi.

Hakukana. Alinivuta pembeni akasema shemeji tusitiriane, biashara huria hii, kila mtu ajitafutie. Akanitajia mwenyewe kilichomo: mafuta ya taa, pilipili na maji ya betri kidogo, na Bismillahi kaiweka ipate baraka. Nilitema mate chini mbele za watu, mimi ninayewakataza wanangu. Nikamuuliza vichupa anavijazia wapi. Akasema nyumbani, Tanga, uani.

Uani kwako, dada, unapotawadhia.

Siti anakuamkia, mama mkubwa wake. Hajui ninachokuandikia. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Shemeji usimfikishie salamu zangu. Mwezi mtukufu umekaribia, nami sitaki uandame swali hili likiwa bado limenikaa kooni: ulikuwa unajua?

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Zamda