Nimekonda, na Posa ya Binti Yangu Imesimama

Mshauri wangu Kokuhirwa, naomba unisikilize maana humu nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mama mtu mzima wa Kagoma, wilaya ya Muleba, na tatizo langu limeanzia kwenye jarida lenu hili hili la habari za vitabu. Mwaka jana daktari aliniambia presha yangu imepanda vibaya, nipunguze uzito haraka, sikumwambia mtu, hata mume wangu Protase, sikutaka kumtia hofu, maana alizika dada na kaka yake miaka ile ya ugonjwa. Nikaona mmetangaza kitabu cha mlo na mazoezi, nikakiagiza, nikakifuata kama katekisimu. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, nikapunguza, mboga nikaongeza, juisi ya ndizi nikaacha kabisa, chakula changu napika kwenye kisufuria changu na kula jikoni peke yangu wasinisumbue, na kila asubuhi natembea hadi barabara ya lami na kurudi. Presha imeshuka, daktari amefurahi, kumbe, waitu mwenzangu, nimejitafutia balaa.

Si unajua huku kwetu mtu akikonda watu wanawaza nini? Kina mama wa jumuiya walianza kunong'ona, halafu wakawa wananishika mkono kwa huruma baada ya sala, na sasa familia ya kijana aliyemposa binti yangu Violeth, watu wa Kaagya, wamenyamaza. Walikuwa waje kupanga harusi, hawakuja, mshenga anasema wamesikia mama wa binti anaumwa na wanangoja waone. Wanangoja waone nini, nife? Violeth analia na hanitazami usoni. Na Protase, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, juzi ameniwekea sahani imejaa ebitoke akasema, "Edvina, kula! Nenepa kabla hujamharibia mtoto." Nikala huku machozi yananitoka. Mshauri, nirudishe unene na presha yangu ili mwanangu aolewe, au nishike afya yangu nimkoseshe ndoa?

Edvina, Kagoma

Edvina mwenzangu, pole sana. Nimeisoma barua yako, nikairudia, na niliporudia nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Hilo la kula ili unenepe liache leo. Presha uliyoishusha kwa jasho lako huipandishi tena kwa ajili ya midomo ya watu.

Sasa wewe nawe! Daktari anakwambia jambo zito namna hiyo, unamficha mwanamume uliyezaa naye? Unakula jikoni na kisufuria chako, katika nyumba ambayo wote hukaa kuzunguka jani moja la mgomba, halafu unashangaa wakiogopa? Wameona mama anakonda, anajitenga na chakula, anakwenda hospitali na hasemi kitu. Ulitaka wafikiri nini? Kitabu chetu kilikufundisha kula, hakikukwambia ujifiche.

Na usithubutu kuwapelekea wakwe cheti cha damu kuwaonyesha kwamba huna wanachokidhania. Wako kina mama wengi wanaoishi na virusi, wanameza dawa, wanalima, wanaozesha watoto wao, na hawapaswi kujieleza kwa yeyote. Kijana naye, Violeth amuulize mwenyewe anasemaje. Akijibu kwamba anapima uzito wa mama mkwe kwanza, bora mmemjua mapema.

Siku ya kliniki nenda na Protase, daktari amweleze yeye mwenyewe asikie. Kisufuria chako kiweke kando, rudi ukae na wenzako, pakua kidogo kwenye jani lile lile, na hizo mboga wale wote, nao wana mioyo. Kisha Protase aende Kaagya bila mshenga, awaambie, mke wangu alikuwa na presha, sasa ana nafuu, mnakuja au hamji?

Lakini hayo yote baadaye. Umeandika kwamba mumeo amekupandishia sauti, ukaona ni kwa ajili ya harusi. Edvina, huyo ni mtu aliyewaona ndugu zake wakikonda hivyo hivyo, hawasemi kitu, mpaka akawazika. Muda wote huu wewe uko jikoni unapona, na yeye yuko sebuleni anajiandaa kukuzika. Mwambie leo kwamba utaishi.